KUTOKA SEBULENI HADI KIGANJANI: KISWAHILI CHA KONGO KATI YA TELEVISHENI, VIDEO NA SIMU

Watazamaji wa televisheni nchini Zaire katika miaka ya 1970 waliizoea picha moja iliyotangulia taarifa ya habari ya jioni: mawingu yanafunguka, na katikati ya mawingu unatokea uso wa Rais Mobutu, ukisogea polepole kuwaelekea watu. Picha hiyo imesimuliwa mara nyingi kwa kicheko. Hata hivyo yafaa itazamwe kwa makini zaidi, kwani aliyeibuni alieleza, pengine bila kukusudia, jinsi televisheni ilivyofanya kazi siku zile. Habari ilitoka juu. Ilitoka mahali pamoja. Iliwateremkia watu ambao hawakuwa na njia yoyote ya kuijibu, isipokuwa kuizima.

Siku hizi kijana wa mtaa wa Kenya mjini Lubumbashi, au wa Kadutu mjini Bukavu, hangoji saa ya habari. Skrini yake anayo mfukoni, na kamera anayo pia. Mabadiliko haya huelezwa kwa kawaida kama historia ya vyombo: kwanza televisheni, kisha kaseti, kisha diski, kisha simu na intaneti, kila kimoja kikimrithi mwenzake. Maelezo hayo si ya uongo, ila hayatoshi. Katika makala haya mabadiliko yatafuatwa kwa upande wa lugha. Ni nani aliyeweza kusema Kiswahili mbele ya kamera katika Kongo? Alisema Kiswahili kipi? Na maneno yake, yakishasemwa, yaliwekwa wapi? Swali la tatu ndilo linaloulizwa kwa nadra kuliko yote, na ndilo linalowahusu zaidi wanaosoma na kufundisha lugha hii katika vyuo vikuu vya nchi.

Sauti kutoka Kinshasa

Televisheni ya taifa ilianza mwezi wa Novemba 1966, mwaka mmoja baada ya jeshi kutwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965. Kukaribiana kwa tarehe hizo hakukuwa jambo la bahati. Utawala mpya ulitaka kuonekana, na ulitaka kuonekana katika nchi yenye zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.3, ambako barabara zilizoachwa na wakoloni zilikuwa zimeanza kuharibika. Katikati ya miaka ya 1970 mji mkuu ukajengewa jengo refu la Sauti ya Zaire, na mawimbi yakaanza kusafirishwa kwa setilaiti.

Lakini mtazamaji aliyefikiriwa hakuwa sikuzote mtu wa Kongo. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Oktoba 1974 Muhammad Ali na George Foreman walipigana mjini Kinshasa mnamo saa kumi alfajiri. Saa hiyo haikuchaguliwa kwa ajili ya wenyeji. Ilichaguliwa ili Wamarekani waweze kuliona pambano wakati wa jioni yao. Mfano huo hauhitaji maelezo marefu.

Ama kuhusu wenyeji, kizuizi cha kwanza kilikuwa umeme. Waya wa Inga hadi Kolwezi, wenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700, ulikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuipatia nguvu migodi ya Shaba, na vijiji vingi ulivyovipita juu vilibaki gizani. Hata leo ni takribani mtu mmoja tu kati ya watano nchini Kongo anayepata umeme. Kwa hiyo televisheni ilikuwa kitu cha mjini, na mjini kwenyewe ilikuwa kitu cha nyumba chache: seti moja ilihudumia ukoo mzima, pamoja na watoto wa jirani waliochungulia dirishani. Aliyemiliki seti ndiye aliyeamua nani aingie na saa ngapi watu watawanyike.

Kizuizi cha pili kilikuwa lugha. Kifaransa kilishika nafasi ya heshima. Lingala, lugha ya jeshi na ya muziki wa Kinshasa, ilipata nafasi pana katika nyimbo na michezo. Kiswahili kilipewa zamu yake katika taarifa za habari pamoja na Kikongo na Tshiluba. Kilikuwa Kiswahili cha kutafsiriwa, kilichonyoka na kupigwa pasi, ambacho mchimba madini wa Likasi alikielewa lakini hakukitumia kamwe kumgombeza mwanawe.

Mufwankolo mbele ya kamera

Hali ilikuwa tofauti katika kituo cha Lubumbashi. Huko kundi la michezo ya kuigiza lililojulikana kwa jina la jukwaani la kiongozi wake, Mufwankolo, lilikuwa limejipatia umaarufu redioni kabla ya kuonekana kwenye televisheni ya mkoa. Mtu anayetaka kuelewa kinachotokea leo katika simu hana budi kulianzia kundi hili, kwa maana mengi yanayodhaniwa kuwa mapya yalikuwamo tayari katika kazi yake.

Kundi halikuandika michezo. Kisa kilikubaliwa kwa mazungumzo, kila mwigizaji akapewa mahali pake, na maneno yenyewe yakazaliwa papo hapo, siku ya mazoezi kwa namna moja na siku ya kurekodi kwa namna nyingine. Visa vilikuwa vya maisha ya kila siku: ulevi, tamaa ya fedha, fitina za majirani, ugomvi wa mke na mume. Wakubwa hawakutajwa kwa majina, na kila kisa kilikuwa na fundisho. Ndiyo maana, katika miaka ya chama kimoja, michezo hiyo iliachiwa nafasi ambayo mwandishi wa habari asingeipata. Kicheko kilikuwa na ruhusa yake.

Lakini jambo kubwa lilikuwa lugha yenyewe. Waigizaji walisema bantu na bintu pale ambapo kitabu cha sarufi kingetaka watu na vitu. Neno la Kifaransa liliingia katikati ya sentensi na kutoka bila kuomba radhi. Methali ya Kiluba au ya Kibemba ilifuatwa na tafsiri yake, au haikufuatwa na chochote. Mwalimu wa Kiswahili sanifu angeshika kalamu nyekundu. Mama wa Kamalondo alicheka, kwa sababu alisikia jikoni kwake. Kwa mara ya kwanza lugha ya mji ule ilionekana katika chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya sauti za Kinshasa, na ilionekana bila kubadilishwa nguo.

Mwaka 1986 mtaalamu wa elimu ya tamaduni Johannes Fabian, aliyekuwa ameifahamu Lubumbashi tangu alipofundisha na kufanya utafiti huko katika miaka ya 1970, alirudi mjini. Mezani kwa marafiki alipewa firigisi ya kuku na kuambiwa kwa Kifaransa msemo kwamba madaraka huliwa yakiwa mazima, hayakatwi vipande. Alipowauliza watu wa Mufwankolo juu ya msemo huo, hawakumpa jibu la maneno machache: waliamua kuutungia mchezo. Majadiliano, mazoezi na uigizaji wa mchezo huo juu ya chifu na kijiji chake vilirekodiwa, na mwaka 1990 Fabian akatoa kitabu chake Power and Performance, ambamo maneno ya waigizaji yaliandikwa kwa Kiswahili kama yalivyosemwa, pamoja na tafsiri.

Wasomaji wengi wamekisoma kitabu hicho kwa ajili ya nadharia yake. Mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu nyingine ya kukisoma. Mchezo ule ulikuwa wa televisheni. Hata hivyo mtu anayetaka kuchunguza leo jinsi kitenzi kilivyotumiwa na mwigizaji fulani katika onyesho fulani hufungua ukurasa. Karatasi, ambayo haikuwa sehemu ya mchezo hata kidogo, ndiyo iliyoubeba mchezo hadi kwa vizazi vya baadaye. Kanda za sumaku ni vitu dhaifu. Joto na unyevu huziharibu, na gharama yake iliwafanya watu wa vituo, hata vile vya nchi tajiri, kurekodi kitu kipya juu ya cha zamani. BBC yenyewe ilifuta sehemu kubwa ya vipindi vyake vya miaka ya 1960 na mapema ya miaka ya 1970. Si vigumu kukisia kwamba michezo mingi ya jioni za Lubumbashi ilisikika mara moja tu.

Kaseti na msimuliaji

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Mwaka uliofuata askari walipora Kinshasa mwezi wa Septemba, na muda mfupi baadaye Lubumbashi nayo ikaporwa; seti za televisheni na deki za video zilihama nyumba kwa wingi, na nyingi zikaishia mikononi mwa watu ambao wasingeweza kuzinunua. Sheria ya vyombo vya habari ya tarehe 22 Juni 1996 ilithibitisha uhuru ambao kwa sehemu ulikwisha kutwaliwa. Vituo vya watu binafsi vikachipuka, kwanza Kinshasa na baadaye katika miji ya mikoa. Vingi vilikuwa vya wanasiasa, vya wafanyabiashara au vya makanisa. Mjini Kinshasa michezo ya Lingala, hasa ile ya makundi ya Kikristo iliyochunguzwa na Katrien Pype katika kitabu chake cha 2012, ilijaza jioni za vituo hivyo, kisha ikasafiri kwa kaseti na diski hadi maduka ya Wakongo wa Ubelgiji na Ufaransa.

Wakati huohuo kaseti zilifungua vibanda vya video mitaani, ambako kiingilio kilikuwa kidogo na sinema zilikuwa za Hong Kong, India na Marekani. Hapo ndipo lilipotokea jambo lenye maana kubwa kwa lugha za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Sinema ilizungumza Kiingereza au Kichina; hadhira haikukielewa; basi mtu mmoja akasimama kando ya skrini na kusimulia. Mjini Dar es Salaam Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, aliifanya kazi hiyo kuwa sanaa: alitafsiri, alieleza, alitania, aliwapa mashujaa wa kigeni tabia za watu wa Kariakoo, kisha akarekodi sauti yake juu ya filamu na kuiuza. Wasimuliaji wa Kampala walifanya vivyo hivyo kwa Luganda. Mjini Kinshasa sinema za Nigeria ziliwekewa sauti ya Lingala. Kila mahali sauti ya mwenyeji ilirudi katika skrini kwa mlango wa nyuma.

Kwa mashariki ya Kongo, mlango huo ulileta Kiswahili cha Tanzania. Filamu za Dar es Salaam, zilizoongezeka sana baada ya mwaka 2003, ziliuzwa pia Burundi, Rwanda na Kongo, na kifo cha mwigizaji Steven Kanumba tarehe 7 Aprili 2012 kiliomboleza mbali nje ya nchi yake. Mtoto wa Uvira au wa Kalemie aliweza kujifunza Kiswahili sanifu katika filamu kabla ya kukipata shuleni. Wako waliolifurahia jambo hilo, na si bila haki. Lakini yafaa pia itambuliwe kwamba biashara ya video ilikwenda zaidi upande mmoja: Kiswahili cha Dar es Salaam kiliingia Kongo kwa maboksi, na Kiswahili cha Bukavu hakikupata boksi la kurudia.

Skrini ya mfukoni

Simu ya mkononi ilifika Zaire mapema kuliko inavyodhaniwa. Kampuni ya Telecel ya Miko Rwayitare ilianza kazi Kinshasa mwaka 1986, mwaka uleule wa mchezo wa Mufwankolo juu ya madaraka; ila simu zake zilikuwa ghali mno, mali ya mawaziri na wafanyabiashara. Umati uliingia baada ya mwaka 2000, pale Celtel, kisha Vodacom kuanzia 2002, walipouza laini za kulipia kabla. Waya wa SEACOM ulifika pwani ya Kenya na Tanzania mwaka 2009, na upande wa Atlantiki waya wa WACS ukaanza kuihudumia Kongo kutoka Muanda kati ya 2012 na 2013. Intaneti, iliyokuwa jambo la vibanda vyenye kompyuta sita, ikaanza kuingia katika simu.

Lakini video iliitangulia intaneti. Jambo hili husahauliwa na wale wanaoandika historia wakiwa katika miji yenye waya. Kabla watu hawajaweza kulipia mega za kutosha kutazama YouTube, iliyoanzishwa mwaka 2005, walikuwa tayari wakitazama video katika simu zenye kioo kidogo kama kisanduku cha kiberiti. Kijana mwenye kompyuta na mwavuli, sokoni au kando ya kituo cha mabasi, alijaza kadi ya kumbukumbu kwa malipo madogo: nyimbo, mahubiri, mieleka, vichekesho. Kutoka hapo video ilipita kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth. Huo ulikuwa mtandao, ingawa haukuitwa hivyo, na kebo yake ilikuwa miguu ya watu.

Redio ya barabarani, ambayo katika utawala wa Mobutu ilisambaza minong'ono ambayo magazeti hayakuthubutu kuichapa, ilipata hivyo picha. Nayo ilichukua tabia zake zote, nzuri na mbaya. Goma ilipotekwa mwezi wa Januari 2025, dunia iliona mji kwanza kupitia simu za wakazi wake. Wakati huohuo picha za vita vya zamani, au vya nchi nyingine kabisa, zilipita zikiwa na maelezo mapya. Tofauti ni kwamba minong'ono ya zamani ilijulikana kuwa minong'ono. Picha hudai kuaminiwa.

Kwa upande wa vichekesho na michezo, simu imefanya jambo ambalo televisheni ya taifa haikulifanya katika miaka thelathini. Mchekeshaji wa Lubumbashi hahitaji tena idhini ya mkurugenzi wa vipindi, wala zamu ya gari la kurekodia. Anahitaji ua wa nyumba, rafiki wawili na jua. Anasema lugha yake. Tena ameirudia, bila kujua au kwa kujua, njia ya Mufwankolo: kisa kinakubaliwa, maneno yanazaliwa papo hapo. Kilichobadilika ni urefu. Mchezo wa zamani ulikuwa na nafasi ya mgogoro kukua, wa methali kusemwa na kupingwa, wa mzee kunyamaza kabla ya kujibu. Video ya dakika tatu inamlazimisha mwigizaji kumvuta mtazamaji katika sekunde za mwanzo, la sivyo kidole chake kitampeleka kwingine. Kwa hiyo kelele zimeongezeka, na ukimya, ambao ulikuwa nusu ya ustadi wa wazee wale, umepungua. Hasara hiyo si ndogo.

Kwa upande mwingine, mtazamaji amepata mdomo. Chini ya video ya mchezo wa Kiswahili cha Katanga hukutana mtu wa Kolwezi, mwanafunzi wa Ulaya na mkimbizi wa zamani wa kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ambaye sasa anaishi Marekani. Tangu katikati ya miaka ya 2010 Wakongo wamekuwa, katika miaka kadhaa, kundi kubwa kuliko yote la wakimbizi waliopokewa na nchi hiyo, na wengi wao wanatoka katika mikoa inayosema Kiswahili. Watoto wao hukisikia Kiswahili cha Kivu katika simu ya mama kuliko mahali pengine popote. Boksi la kurudia, lililokosekana enzi za kaseti, limepatikana.

Televisheni haikufa kwa sababu hiyo. Mechi kubwa bado hukusanya watu mbele ya seti moja, na king'amuzi kimechukua nafasi ya antena katika nyumba nyingi. Tarehe 17 Juni 2015 ilipangwa kimataifa kuwa mwisho wa ulinzi wa mawimbi ya zamani ya televisheni katika nchi nyingi. Tanzania ilianza kuyazima mwishoni mwa 2012, na Kenya ilimaliza mwaka 2015 baada ya mabishano makali mahakamani. Nchini Kongo kazi hiyo ilikwenda polepole, na kwa watu wengi swali lilikuwa limepitwa na wakati kabla ya kujibiwa. Vituo vyenyewe sasa hukata vipindi vyao vipande vipande na kuvipeleka Facebook na YouTube. Kituo kilichokuwa mlango kimekuwa mchuuzi mmoja kati ya wachuuzi wengi katika soko ambalo si lake.

Walinzi wapya wa mlango

Ingekuwa kosa kudhani kwamba mawingu yamekwisha kabisa angani. Mwezi wa Januari 2015, wakati wa maandamano dhidi ya mswada wa sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini. Ilikatwa tena tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi wa rais, na kurudishwa baada ya siku zipatazo ishirini. Katika zama za Mobutu mtazamaji ndiye aliyeweza kuizima serikali sebuleni kwake. Sasa serikali iliweza kumzima mtazamaji mfukoni mwake.

Njia nyingine ni kodi. Mnamo Septemba 2020 ilianzishwa daftari ya vifaa vya mkononi, maarufu kwa kifupi chake RAM, ambayo ilimtoza mwenye simu ya kisasa dola 7 kwa mwaka, zikikatwa moja kwa moja katika salio lake. Watu walilalamika kwa nguvu, mitaani na bungeni, na tozo hiyo ikaondolewa mwaka 2022. Wengi waliikataa kwa sababu za kimfuko tu. Lakini kwa kuwa simu ndiyo iliyokuwa televisheni yao, kaseti yao na posta yao, walikuwa wakitozwa ada ya vitu vitatu kwa kimoja. Inafaa kukumbukwa pia, ingawa ni pembeni ya mada, kwamba betri ya simu hiyo mara nyingi ina kobalti, na kwamba sehemu kubwa kuliko zote ya kobalti ya dunia huchimbwa katika ardhi ya Katanga.

Sheria nazo zimefuata. Tanzania mwaka 2018 ilitoa kanuni zilizomtaka mwenye televisheni ya mtandaoni kupata leseni, na gharama ya kuanzia ilizidi shilingi milioni mbili. Vijana wengi walifunga kurasa zao. Kongo, kwa amri zenye nguvu ya sheria za tarehe 13 Machi 2023, iliiondoa sheria ya 1996, ikaitambua habari ya mtandaoni na kuipa nchi kanuni za mambo ya dijitali. Muda bado ni mfupi mno kwa mwanahistoria kuzipima.

Mlinzi mwingine hana sare. Mashine zinazochagua video, kuandika maneno chini ya picha na kutafsiri zimefundishwa kwa maandishi mengi, na maandishi mengi ya Kiswahili ni ya Kiswahili sanifu. Orodha ya kimataifa ya lugha huipa Kiswahili cha Kongo alama yake, swc, kando ya swh ya Kiswahili cha pwani. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, mradi wa matini za kutafsiriwa uitwao TICO-19 ulikiweka Kiswahili cha Kongo kama lugha ya kuhudumiwa peke yake. Hatua hizo ni za kweli lakini ni ndogo. Mashine iliyojifunza watu haijui bantu. Hukisia, na inapokisia vibaya huandika upuuzi chini ya mdomo wa mtu anayesema vizuri kabisa.

Ghala lisilo na mlinzi

Hapo swali la tatu linarudi. Kiswahili cha Kongo kimepata hadhira kabla ya kupata ghala. Video hukaa katika kampuni isiyojua jina la Kamalondo, na inaweza kutoweka kwa sababu ya wimbo uliosikika nyuma ya waigizaji, au kwa sababu mwenye ukurasa amesahau neno lake la siri. Zile za kadi ya kumbukumbu zina maisha mafupi zaidi: kadi ikijaa, za zamani hufutwa ili kupisha mpya. Vichekesho vya miaka ya 2005 hadi 2010, vilivyopita kwa Bluetooth kabla ya kuwapo kwa kurasa za mtandaoni, vimekwenda njia ya kanda za Lubumbashi.

Intaneti ileile, hata hivyo, imetumika pia kwa namna nyingine. Tangu miaka ya 1990 Fabian na mwanaisimu Vincent de Rooij, huko Amsterdam, walianza kuweka mtandaoni hifadhi ya matini za Kiswahili cha watu wa kawaida, nyingi zikiwa za Katanga, na mwaka 2008 Fabian aliandika kitabu kizima juu ya jinsi hifadhi ya namna hiyo inavyobadilisha kazi ya mtafiti: matini hubaki mbele ya msomaji, naye anaweza kumpinga mfasiri. Hifadhi hiyo ilifunguliwa Ulaya. Hilo si la kulaumiwa, bali ni la kuzingatiwa na idara zilizoko mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwa wasemaji wenyewe.

Miongoni mwa matini zilizookolewa na juhudi hizo imo historia ya mji wa Elisabethville iliyotungwa na André Yav mwaka 1965 kwa ajili ya chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani, ikapigwa chapa na kurudufiwa. Maneno yake yalikuwa yameandikwa bila mpaka ulio wazi kati ya neno na neno, kiasi kwamba karatasi peke yake haikusomeka kwa urahisi. Toleo la 1990 liliwezekana kwa sababu Kalundi Mango, mtu wa Lubumbashi, aliisoma matini yote kwa sauti mbele ya kinasa sauti, na usomaji wake ukaandikwa upya. Kwa video za simu kazi ni ileile ikianzia upande wa pili: sauti ipo kwa wingi, na anayetakiwa ni mtu wa mahali pale, mwenye sikio na kalamu, atakayeandika nani alisema nini, katika mtaa gani, mwaka gani, kabla kadi haijafutwa.